Nani Atamfunika Mtoto Huyu?

Mazungumzo ya asubuhi redioni. Fungu la kusoma: Mwanzo 9:20–23

Wengine wenu mnachemsha chai, wengine mnafunga viatu ili mwende kazini, na wengine mmekwisha kushika njia. Na katika nyumba fulani asubuhi hii mama ameinua blanketi, akanusa, akajua la kujua. Ni kwa ajili ya nyumba hiyo ninasema leo.

Jambo lenyewe ni mtoto kukojoa kitandani. Labda mtu atauliza, "Je, hilo nalo ni neno la kuletwa katika ibada?" Namjibu kwamba jambo lolote linalomfanya mtoto aichukie nafsi aliyopewa na Mungu ni jambo la kanisa, hata kama tunaona haya kulitaja.

Mimi ninakaa Kawangware, upande wa Gatina, na nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka mingi. Jioni moja niliitwa Kibera, mtaa wa Laini Saba, na ndugu mmoja ambaye kazi yake ni kuchomelea vyuma. Alitaka tukaombe nyumbani kwake, kwa maana alisema kwamba mwanawe wa kwanza ameingiwa na pepo. Nilikuta chumba kimoja cha futi 10 kwa 10, kama vilivyo vyumba vingi vya huko: kitanda cha wazazi nyuma ya pazia, jiko pembeni, na godoro moja la watoto watatu, ambalo mchana husimamishwa ukutani.

Kijana alikuwa na umri wa miaka 9. Nikamwuliza baba ameona dalili gani za huyo pepo.

Akasema, "Mzee, mtoto huyu hataki kulala. Tukiamka usiku wa manane tunamkuta amekaa mlangoni juu ya mtungi wa maji, macho yake wazi. Shuleni analala juu ya dawati. Mwalimu amekwisha kuniita mara mbili."

Niliomba ruhusa niongee na kijana peke yake. Tukasimama nje, karibu na kamba ya kuanikia nguo. Alinyamaza kitambo kirefu, akichora chini kwa kidole cha mguu. Mwishowe akaniambia, "Nikilala nitakojoa. Nikikojoa nitabebeshwa godoro."

Wapenzi wasikilizaji, hapakuwa na pepo mahali pale. Palikuwa na mtoto aliyeamua kwamba ni afadhali asilale tena maisha yake yote.

Kumbe kila asubuhi alipoamka amelowa, alitwikwa godoro kichwani, akapitishwa mbele ya milango yote ya ploti mpaka mahali pa kuanika, na watoto wenzake wakimfuata kwa wimbo ule wa kikojozi ambao karibu sisi sote tuliuimba tulipokuwa wadogo. Baba yake hakuwa mtu mkatili. Aliamini kwamba aibu ikizidi, mkojo utakoma. Na wangapi kati yetu hatujaamini hivyo? Jirani mmoja anashauri fimbo, wa pili anashauri majani ya kuwasha, na wa tatu anasema mtoto anyimwe maji tangu saa sita mchana. Wapo hata watoto waliochomwa moto kwa ajili ya jambo hili. Mungu atusamehe.

Nilirudi Kawangware usiku huo nikifikiri habari ya Nuhu. Mnaikumbuka. Baada ya gharika Nuhu alilima mizabibu, akanywa divai kupita kiasi, akalala uchi ndani ya hema yake. Wanawe watatu wakajua. Hamu aliona, akatoka akaenda kuwapasha wenzake habari. Lakini Shemu na Yafethi walifanya tendo ambalo sijaona mfano wake katika vitabu vingi: waliweka vazi mabegani mwao, wakaingia wakitembea kwa kurudi nyuma ili wasione, wakamfunika baba yao.

Angalieni vizuri. Wote watatu walijua jambo lile lile. Mmoja akalitoa nje ya hema, na wawili wakaingia ndani na nguo. Na tena, Nuhu alikuwa amejiletea mwenyewe, kwa maana hakuna aliyemnywesha kwa nguvu. Ikiwa mwenye kosa alistahili kufunikwa, je, mtoto ambaye hana kosa lolote? Mtoto hukojoa akiwa amelala usingizi, asijue kitu, kama vile wewe usivyojua unavyokoroma. Basi ni nani kati yetu atakayesimama mbele ya Mungu na kueleza kwa nini alimwadhibu mtu kwa tendo lililotendeka akiwa amelala?

Sasa nina neno la kuungama. Mimi mwenyewe nilikuwa kikojozi mpaka nilipotimiza miaka 11. Sikuwahi kulisema hadharani. Katika nyumba yetu tulilala wavulana wanne kitanda kimoja, na kaka yangu mkubwa alikuwa akiamka kabla ya wote. Akiona nimelowesha, alinigusa bega, akanipa kaptura kavu, akaligeuza godoro, akatoka na shuka kimya kimya kama anayekwenda kuteka maji. Hakunisema hata siku moja, wala hakuniambia kwamba ananisaidia. Nilipokuwa mtu mzima na kusoma habari ya Shemu na Yafethi, nilijua mara moja kwamba nimewahi kumwona mmoja wao.

Kesho yake nilirudi Laini Saba. Nilimwomba yule baba tutembee kidogo kando ya reli, nikamweleza habari zangu. Kisha nikamwuliza, "Ndugu yangu, na wewe ulipokuwa mdogo?" Alisimama. Treni ingalipita wakati ule nadhani asingaliisikia. Akasema kwa sauti ndogo, "Mpaka darasa la saba, mzee. Hata mke wangu hajui."

Naam. Kwa maana jambo hili hufuata damu. Waganga waliolichunguza wametuonyesha kwamba mzazi mmoja akiwa alikojoa kitandani utotoni, karibu watoto 4 kati ya 10 nao hukojoa. Wazazi wote wawili wakiwa walikuwa hivyo, huwa 7 kati ya 10 au zaidi. Kumbe mara nyingi baba anayeshika fimbo anamchapa mwanawe kwa urithi aliompa mwenyewe.

Acheni niwaeleze jambo hili linavyokwenda, kwa maana ujuzi nao ni zawadi ya Mungu. Figo zetu hutengeneza mkojo mchana na usiku. Usiku ubongo hutoa homoni inayoziambia figo zipunguze kazi, ili kibofu kisijae kabla ya asubuhi. Kwa watoto wengine homoni hiyo huchelewa kutosha. Wengine kibofu chao hakijaweza kushika mkojo mwingi. Na kwa wengi usingizi wao ni mzito mno, hata kibofu kikijaa na kubisha hodi, hakuna anayeitika. Si uvivu, wala si ujeuri. Ni mwili ambao haujamaliza kujifunza, kama vile mtoto mmoja anavyotembea akiwa na miezi 10 na mwingine akiwa na miezi 16.

Wala si mtoto wako peke yake. Kati ya watoto 100 wenye miaka 5, kama 15 au zaidi bado hulowesha kitanda. Wafikapo miaka 7, husalia kati ya 5 na 10. Wafikapo miaka 10, husalia kama 5. Kwa hiyo katika darasa la watoto 50 wenye miaka 7, huenda wako watatu, wanne, au hata watano, na kila mmoja anadhani yuko peke yake duniani. Wavulana ni wengi kuliko wasichana. Na kila mwaka, katika kila watoto 100 wanaokojoa, kama 15 huacha wenyewe bila dawa yoyote.

Labda utasema, "Mzee, ikiwa wataacha wenyewe, kwa nini unatuchosha?" Ni kwa sababu godoro litakauka, lakini moyo uliopitishwa mbele ya milango ya ploti haukauki upesi.

Basi tufanye nini? Chukueni kalamu, akina mama na akina baba.

Kwanza, fimbo ikome, na matusi yakome, na lile jina la kikojozi lisitajwe tena nyumbani mwako. Adhabu haijamponya mtoto hata mmoja. Hofu humfanya azidi kukojoa.

Pili, mpe mtoto maji ya kutosha tangu asubuhi hadi alasiri. Najua kwamba huko Kibera maji hununuliwa kwa mtungi, na mama huyahesabu. Lakini mtoto asiyekunywa mchana hurudi nyumbani na kiu, akanywa yote jioni. Anywe mapema, kisha apunguze saa moja au mbili kabla ya kulala. Na chai ya jioni, hata iwe ya maziwa, pamoja na soda nyeusi, tuziepuke usiku, kwa maana huchochea mkojo.

Tatu, aende haja ndogo kabla ya kulala, kila siku bila kukosa. Na hapa lazima niseme ukweli wa mitaa yetu. Choo kiko mwisho wa ploti, au ni cha kulipia na hufungwa usiku, na njia ina giza na watu wabaya. Hata mtu mzima huogopa. Je, tutamlaumu mtoto? Weka ndoo yenye kifuniko ndani ya nyumba, mahali anapoweza kupapasa akaifikia, na tochi ndogo kando yake. Mwambie wazi kwamba ameruhusiwa kuitumia. Wako watoto walioacha kulowesha siku walipopewa ndoo.

Nne, chunguza kama anapata choo kikubwa vizuri. Mtoto aliyefunga choo, tumbo lake hukibana kibofu, nacho hushindwa kushika. Mboga, maharagwe, papai na maji vitamsaidia sana.

Tano, lilinde godoro. Karatasi ya nailoni hupatikana sokoni kwa bei ndogo. Itandike juu ya godoro, kisha kitambaa kizito, kisha shuka. Asubuhi mtoto mwenyewe atoe shuka na kuliloweka katika beseni, si kama adhabu, bali kama anavyotandika kitanda au kuosha kikombe. Naye aoge kabla ya kwenda shule, ili asichekwe kwa harufu.

Sita, msifu kwa lile analoliweza. Hawezi kujiamuru akiwa usingizini, kwa hiyo usimwahidi zawadi akiamka mkavu. Msifu kwa kukumbuka kwenda haja kabla ya kulala, na kwa kutoa shuka bila kuambiwa. Ukimwamsha usiku ili aende haja, mwamshe kabisa, ajue yuko wapi. Hilo litaokoa tandiko la usiku ule, ingawa halitamponya kwa haraka.

Mtoto akiwa chini ya miaka 5, mvumilie tu. Akizidi hapo na jambo linamsumbua, mpeleke kwa daktari. Walio Kibera wanayo hospitali ya Mbagathi karibu, na walio Kawangware wanacho kituo cha afya cha Riruta. Ziko kengele maalum zinazolia nguo inapoanza kulowa, zikamfundisha mtoto kuamka, na iko dawa inayofanya kazi ya homoni ile. Dawa hiyo ni ya kuamuliwa na daktari. Usiinunue dukani kwa kubahatisha.

Lakini ziko hali ambazo hazingoji. Mtoto akisikia maumivu anapokojoa, au mkojo ukiwa na damu, au akilowa hata mchana, apelekwe. Mtoto akiona kiu isiyokoma, akikojoa mno na kukonda, apelekwe siku ile ile, kwa maana huenda ni kisukari, nacho huua watoto upesi. Na mtoto aliyetoka likizo kando ya Ziwa Viktoria au Pwani, mkojo wake ukawa na damu, apimwe kichocho.

Na iko hali moja ninayoitaja kwa uzito. Ni mtoto aliyekwisha kukauka kwa miezi sita au zaidi, ghafula akaanza tena. Huyo mwili wake unasema neno ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Tunakumbuka mwanzo wa mwaka 2008, nyumba zilipochomwa Kibera na watu wakakimbia usiku. Tunakumbuka mwezi wa Oktoba 2017, jinsi Kawangware ilivyotikisika kwa vurugu. Tunakumbuka mwezi wa Julai 2018, nyumba nyingi za Kibera zilipobomolewa ili barabara ipite, na watoto wakasimama wakitazama vitanda vyao vikiwa nje. Hofu ya namna hiyo huweza kumrudisha mtoto nyuma. Kifo cha mzazi pia, au ugomvi wa baba na mama unaosikika nyuma ya pazia. Na wakati mwingine, tena nasema kwa huzuni, ni mtu mzima aliyemgusa mtoto vibaya na kumtisha asiseme. Usimfokee mtoto huyo. Kaa naye, umwulize kwa upole, na akikuambia, mwamini. Iko simu ya kuwasaidia watoto nchini Kenya, namba 116, nayo haina malipo. Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kulindwa na ukatili. Mkristo asiwe wa mwisho kuitii.

Na sisi wa kanisa? Walimu wa shule ya Jumapili, mkipanga kambi ya vijana na mtoto mmoja akasema hataki kwenda, msimlazimishe mbele ya wenzake, wala msimwache nyuma. Mwiteni kando, mmwambie kwamba yuko mwalimu atakayeamka mapema, na shuka la akiba liko. Mwalimu huyo atakuwa anatembea kwa kurudi nyuma, na vazi liko begani mwake.

Mtapenda kujua habari za kijana wa Laini Saba. Usiku ule baba yake alimketisha kando ya godoro, akamwambia, "Mwanangu, hata mimi nilikuwa hivyo. Nilikuwa hivyo mpaka nilipokuwa mkubwa kuliko wewe. Nisamehe." Mama alisikia yote kutoka nyuma ya pazia, wala hakucheka. Wakaweka ndoo karibu na mlango, pale pale mtungi ulipokuwa, kisha wakazima taa.

Sitawadanganya kwamba kijana aliamka mkavu. Aliamka amelowa. Ilichukua zaidi ya mwaka kabla hajamaliza mwezi mmoja mzima bila kulowesha. Lakini baba yake aliniambia kwamba usiku ule, kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, mtoto alilala. Alilala mpaka kukakucha, na baba akatoka na shuka mwenyewe, kimya kimya, kama mtu anayekwenda kuteka maji.

Na tuombe. Ee Baba yetu uliye mwema, wewe watujua tulivyo, na mengi ya aibu zetu umeyafunika bila kututangaza. Wakumbuke watoto walioamka asubuhi hii wamelowa na wanaogopa. Wape wazazi wenye subira, walimu wenye huruma, na majirani wenye midomo mizito. Nasi tuliowaumiza kwa kutojua, utusamehe, utupe ujasiri wa kuwaambia watoto wetu ukweli. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.